Mikono Mfukoni

Foleni ya kujiandikisha mbio ilikatiza ukumbi mzima wa jengo la maduka, ikapita mbele ya duka la viatu na kuishia kwenye mlango wa lifti ambayo fundi alikuwa ameifungua hadi matumbo. Hapo mwisho ndipo aliposimama Mkasi. Jina hilo alipewa na wenzake wa karakana, nusu kwa sababu kazi yake ilikuwa kukata vitambaa vya sare, nusu kwa sababu ya ulimi wake. Siku hiyo alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, lenye mifuko minne, maana nguo za dukani hazina mifuko ya kumtosha mtu mwenye kisukari.

"Dada, sogea. Umesimama juu ya kazi yangu," alisema fundi lifti kutoka chini. Alikuwa amepiga magoti, ovaroli yake ya buluu imelowa grisi magotini.

"Kazi yako iko ndani ya shimo. Mimi niko nje."

Mkasi hakusogea. Alitoa kijisindano kwenye mfuko wa kwanza, akajidunga kidole, akalipakaza tone la damu kwenye kipimo. Fundi alikunja uso.

"Mambo hayo si ya kufanya mbele za watu."

"Mambo gani?"

"Hayo ya kujidunga."

"Kaka, napima sukari. Nimezoeana na sindano tangu nina miaka tisa. Wewe umezoeana na nini, mbali na kuchungulia vidole vya watu?"

Watu wawili kwenye foleni walicheka. Fundi akaona haya, na mwanamume akiona haya mbele ya watu huongeza ubaya.

"Na kwa sukari hiyo unataka kukimbia kilomita arobaini na mbili?"

"Arobaini na mbili na kipande. Tengeneza lifti yako, ili wenye afya kama wewe wasipate taabu ya ngazi."

Wiki mbili baadaye lifti ya karakana ya sare ikagoma, na aliyetumwa kuitengeneza akawa yeye yule. Alimkuta Mkasi ghorofa ya nne, amesimama kwenye meza ndefu, anakata tabaka ishirini za kitambaa cha khaki kwa mara moja bila kupepesa macho.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema.

"Umekuja kutengeneza lifti."

"Lifti nimemaliza. Ilikuwa kihisi cha mlango kimeharibika. Sisi taa nyekundu ikiwaka tunazima umeme kwanza, maswali baadaye. Siku ile nilikuzimia umeme bila maswali."

Mkasi alitaka kumjibu vibaya, akajikuta anataka kucheka, na hilo lilimuudhi kuliko ule utovu wa adabu wa kwanza. Akampa namba ya simu ili aondoke.

Wakapendana hivyo hivyo, kwa kugombana. Fundi alimpigia kila asubuhi.

"Umeamka na sukari ngapi?"

"Sita nukta moja. Wewe umeamka na akili?"

"Kidogo. Nimekuota."

"Ndoto mbaya hizo, kaoge."

Jumapili alimsindikiza mazoezini kwa baiskeli, amebeba maji, jeli na vidonge vya glukosi, huku akitukanwa kwa kwenda polepole na kutukanwa tena kwa kwenda mbio. Alijifunza kwamba sukari ikishuka, midomo ya Mkasi hupauka na matusi yake hukosa chumvi. Siku moja, katikati ya kilomita ya kumi na nane, alimwambia anampenda. Mkasi alimjibu kwamba ameziba njia. Kisha akakimbia kilomita nzima akitabasamu peke yake, na hilo hajalikiri mpaka leo.

Aliyekuwa hatabasamu ni mama. Mama yake Mkasi ndiye aliyeandika barua shuleni, kila muhula kwa miaka tisa: mwanangu ni mgonjwa, asikimbizwe. Kwa barua hizo Mkasi alikaa benchi akishika mikoba ya wenzake, akiwaangalia wakikimbia. Hakutaka medali. Alitaka kukata utepe wa mwisho kwa miguu yake, ili barua zile ziwe uongo. Hilo fundi alilijua kuliko mtu yeyote.

Ili mama anyamaze, Mkasi alimwonyesha kifungo. Ndivyo alivyokiita kile kifaa cha duara, sawa na kifungo cha koti, kilichobandikwa nyuma ya mkono wake na kutuma namba za sukari kwenye simu. Akakiunganisha na simu ya fundi pia.

"Sikiliza," alimwambia fundi. "Hiki hakidanganyi. Ukiona namba nyekundu na mshale unashuka, ndiyo ujue nimeisha. Zaidi ya hapo usiniguse."

"Nyekundu na mshale chini," fundi alirudia, kama mtu anayepokea maagizo ya kazi.

Siku ya mbio fundi alisimama kilomita ya thelathini na tatu, na mfuko wa akiba begani. Mkasi alikuwa amehisi sukari inashuka tangu kilomita ya thelathini na moja. Alisimama, akapima kidole, akakuta tatu nukta nne, chini mno. Akala jeli mbili na vidonge vinne, akatembea dakika kumi, akapima tena: tano nukta mbili. Vizuri. Akaanza kukimbia, miguu imerudi, na kwa mara ya kwanza akaamini kwamba atafika.

Fundi alimwona anakuja. Wakati huo huo simu ikalia mkononi mwake: nyekundu, mshale chini.

Hakuuliza. Alimrukia, akamkumbatia kiunoni na kuwaita watu wa huduma ya kwanza kwa sauti iliyosikika kote barabarani. Mkasi alipigana. Walioona mgonjwa wa sukari anapigana na kufoka waliamini kwamba sukari imempanda kichwani au imemshuka, na kadiri alivyowaambia yuko sawa ndivyo walivyomshika. Wakaikata namba ya mbio kifuani mwake. Kisha daktari akampima.

"Sita nukta nne," alisema daktari, akapima tena kidole kingine. "Dada huyu hana tatizo."

"Basi nirudishieni namba yangu."

"Samahani. Ikishakatwa hairudi. Ndiyo kanuni."

Mkasi alimgeukia fundi. Fundi alikuwa bado ameshika simu, na simu ilikuwa bado inalia.

"Mama yangu aliandika barua," alisema. "Wewe umetumia mikono. Usiniguse tena maisha yako yote."

Mama alipopata habari alisema, "Afadhali wamekutoa salama," na kwa neno hilo akanunua ukimya wa wiki sita. Fundi alipiga simu, ikakatwa. Alipiga kwa namba ya kampuni, ikakatwa kwa matusi. Mkasi alimfuta kwenye kifungo, akamfuta kwenye simu, na lifti ya karakana akaisusa kabisa. Akawa anapanda ghorofa nne kwa miguu asubuhi na jioni. Angalau yalikuwa mazoezi.

Mwezi wa tatu baada ya mbio fundi akaja mwenyewe. Alisimama mbele ya meza ya kukatia na daftari la matengenezo mkononi, lile lenye jalada gumu ambalo mafundi lifti huandikia kasoro.

"Sina la kukusikiliza," alisema Mkasi bila kuinua mkasi.

"Usisikilize. Soma."

Alipandisha mkono wa ovaroli. Nyuma ya mkono wake kulikuwa na kifungo.

Mkasi aliweka mkasi chini. "Wewe mzima. Unachezea ugonjwa wangu?"

"Nimekivaa siku kumi na nne. Nimejidunga vidole mara tisa kwa siku. Nilikunywa soda, nikapanda ngazi ghorofa kumi, nikashuka, nikapima. Kila mara nimeandika: saa, kidole, kifungo." Alifungua daftari, kurasa zote zimejaa kalamu ya buluu. "Kinachelewa. Kidole kikishapanda, kifungo bado kinashuka. Dakika kumi, wakati mwingine kumi na tano. Siku ile nilikuwa naona ulivyokuwa nyuma, sikuwa naona ulivyokuwa mbele yangu. Nimekuja kukuambia kwamba kifaa chako kina kasoro."

"Si kasoro. Kinapima maji ya chini ya ngozi, si damu. Ndivyo kilivyo."

Fundi alilifunga daftari.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza fundi.

"Miaka minne ninacho. Nitakosaje kujua?"

"Na uliniambia hakidanganyi."

Mkasi aliuchukua mkasi, akauweka tena mezani.

"Uliniambia nyekundu na mshale chini, ndiyo nijue umeisha. Maneno yako hayo, sijaongeza hata moja. Miezi mitatu silali vizuri, najiona mshenzi, kumbe ulinipa maagizo ya uongo." Hakuwahi kumsemesha kwa sauti ile. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ningekuambia kinachelewa, ungeogopa. Ungeogopa, ungeniambia nisikimbie. Nimechoka na watu wanaoniogopea."

"Basi ukaona bora niwe mjinga."

"Na wewe ulikuwa na mdomo. Ungeniuliza. Neno moja tu ungeniuliza."

"Ningekuuliza," alikubali fundi. "Hilo ni langu. Lako libebe mwenyewe."

Akaacha daftari mezani, akashuka. Kwa ngazi.

Mkasi alikasirika siku tatu. Alikasirika vizuri, kwa moyo wote, akaharibu tabaka zima la kitambaa kwa kukata mikono miwili ya kushoto. Siku ya nne akalifungua daftari. Mwandiko ulikuwa mbaya, vidole vilivyotobolewa vilikuwa vimeacha alama za damu pembeni mwa karatasi, na kwenye ukurasa wa siku ya tisa, chini ya namba, fundi alikuwa ameandika: Leo nimechoka kujidunga. Yeye hapumziki.

Hapo Mkasi alilia, tena kwa hasira, kwa sababu alikuwa na kosa na alichukia kuwa na kosa.

Hakumpigia. Kiburi chake kilikuwa kirefu kuliko mbio zenyewe. Alingoja mpaka jioni ya kuamkia mbio za mwaka uliofuata, jua bado lipo, ndipo akapiga.

"Ni mimi."

"Najua. Namba yako mimi sikuifuta."

"Kesho utasimama kilomita ya thelathini na tatu. Nimekurudisha kwenye kifungo. Kikilia, utauliza kidole. Nikikujibu, utaniacha nipite. Na mikono yako ikae mfukoni."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka nitakuwa nimeanguka. Ndipo uitoe."

"Hilo ni gumu kuliko kukimbia," alisema fundi.

"Ndiyo maana nakupa wewe."

Alikuwepo. Shati jeupe limepigwa pasi, suruali nyeusi, kama mtu aliyekuja kwenye posa, na mikono yote miwili mfukoni. Simu ilining'inia shingoni kwa kamba, na Mkasi aliisikia inalia kabla hajamfikia. Uso wa fundi ulikuwa umekwisha rangi.

"Tatu nukta mbili, mshale chini," alisema. "Kidole?"

Mkasi hakuwa na pumzi ya kusema. Aliinua vidole vitano, kisha vinne: tano nukta nne.

Fundi alimtazama midomo. Akatazama simu inayolia. Mikono ilisukumasukuma kitambaa cha suruali kwa ndani, ikafunga ngumi, ikabaki humo humo. Akarudi nyuma hatua moja.

"Pita," alisema.

Akapita.

Alimaliza kwa saa tano na dakika hamsini na moja, dakika tisa kabla barabara haijafungwa. Mama alikuwa kwenye utepe, ameshika blanketi.

"Umeanguka?"

"Hapana, mama."

"Basi kaa chini usije ukaanza sasa," alisema mama, akageuka upande ili asionekane anavyofuta macho.

Mkasi alipima kidole, akala ndizi, akatafuta shati jeupe kwenye umati mpaka shingo ikamuuma. Akapiga simu.

"Uko wapi wewe?"

"Thelathini na tatu."

"Bado? Wanafagia barabara saa hizi."

"Uliniambia nisimame hapa. Hukuniambia niondoke." Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Nimeona kwenye simu umerudi kijani. Umefika?"

"Nimefika. Miguu imekufa, nyumbani ni ghorofa ya tatu na hakuna lifti, na mwenye kazi ya lifti amesimama barabarani kama mlingoti. Njoo unichukue."

"Nakuja na mikono mfukoni?"

Mkasi alimtazama mama, akatazama medali, akatazama kidole chake chenye tundu jipya.

"Itoe," alisema. "Nitaihitaji."