Mtugutu wa Babu Bonifas

Kila Jumamosi Vaileth alifagia uwanja wa babu yake pale Kimamba, kisha akaenda kutafuta kuni. Nyuma ya nyumba kulikuwa na vichaka, na humo ndimo ilimokuwa mizinga ya Babu Bonifas. Babu alidai nyuki wake ni wakali kiasi kwamba treni likifika hapo hupunguza mwendo, likawaamkia.

Kiangazi hicho kila kitu kilikuwa kimekauka. Mtugutu peke yake, kichaka kichungu kuliko dawa ya malaria, ndio uliokuwa umechanua maua meupe. Nyuki hawakuwa na chakula kingine.

Siku hiyo wenzake walimwita Vaileth kucheza rede. Akaona kuni ziko mbali. Akachukua panga, akaukata mtugutu, akafunga mzigo wake na kukimbilia mchezoni.

Mchana Babu akaviona visiki vya mtugutu. "Nani kafanya hivi?"

"Mbuzi, Babu," Vaileth akajibu upesi. "Wa kina Salome."

Salome alisoma naye darasa moja. Wazazi wake walikuwa wafugaji, na pale mtaani ukitaja mbuzi wa wafugaji hakuna anayeuliza mara mbili. Babu akamkamata mbuzi wao mmoja aliyekuwa akipita, akamfunga nyuma ya jiko. "Kesho kwa balozi wa nyumba kumi!"

Jioni Salome akaja, amekumbatia kitoto cha mbuzi kinacholia.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba."

"Mama yake huyu umemfunga hapa. Hajanyonya tangu mchana."

Kitoto kikakamata kidole cha Vaileth, kikanyonya, kikakosa, kikalia tena. Vaileth naye machozi yakamtoka.

"Babu, ni mimi. Niliukata kwa panga."

Babu akajigonga paji la uso. "Na mimi nimeuona mkato wa panga kwa macho yangu, nikasadiki meno ya mbuzi! Kwani nilidhani mbuzi huyu ana panga mfukoni?"

Salome akacheka huku analia. Mbuzi akafunguliwa, na kitoto kikamrukia mama yake. Babu mwenyewe akaenda kuwaomba radhi wazazi wa Salome, Vaileth akimfuata kichwa chini. Waliporudi, wakachagua kwenye ule mzigo wa kuni fito za mtugutu zilizokuwa bado mbichi, wakazichomeka ardhini na kuzimwagilia.

"Zitaota, Babu?"

"Mtugutu ukichomekwa huota. Lakini jina la jirani ukilikata, halina fito ya kuchomeka. Sema kweli mapema, mjukuu wangu, kabla mtoto wa mwenzako hajalala na njaa."