Ukuta wa Feruzi Waacha Kutoka Jasho

Feruzi, fundi cherehani wa mtaa wa Mangobo, aliipenda nyumba yake kupita kiasi. Ilikuwa ya udongo, lakini mwaka wa uhuru aliipaka saruji nje na ndani, ing'ae kama zile za matajiri wa Makiso. Basi akawa anapita mtaani kifua mbele!

Kisha yakaja maasi, familia ikakimbilia msituni. Mwanawe Alfani alizaliwa hukohuko. Waliporudi, walikuta nyumba imesimama. Feruzi alifurahi hadi akacheza mlangoni.

Mvua ya kwanza ilimkatiza. Kuta zilitoka jasho, baridi ikapenya mpaka mifupani, mtoto akakohoa. Safi, mkewe, akamfunga mgongoni.

"Mi naenda kwa mama, kule Lubunga ng'ambo ya mto," alisema. "Nitarudi siku nyumba yako itakauka."

"Safi, hii iko nyumba ya simenti!"

"Basi, lala nayo."

Feruzi alilala nayo, akitetemeka. Aliwakumbuka mpaka machozi yakamtoka. Asubuhi alimwita jirani yake Mama Sikujua, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka nyumba udongo. Mama huyo aligonga ukuta, akabandua kipande, akacheka.

"Papa Alfani, umevalisha nyumba koti ya mpira! Mvua inaingia ku nyufa, udongo inakunywa maji. Maji inataka kutoka, simenti inakataa. Ukuta yenye kulowana iko baridi. Ukuta munene, ya kukauka, inashika joto ya muchana, inakurudishia usiku."

"Sasa nibomoe uzuri yote hii?"

"Bon, chagua: uzuri ao bibi yako."

Feruzi akashika nyundo.

Walibandua saruji yote, wakaacha kuta zikauke. Feruzi alizungushia mawe chini ya ukuta kuzuia maji yanayoruka, akarefusha paa, akachimba mfereji. Majirani walikanyaga udongo wakiimba, ukiwa umechanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, na Mama Sikujua akaupaka. Feruzi, mtanashati wa mtaa, alijaa matope hadi masikioni, na alicheka kuliko wote.

Safi alisikia habari, akarudi siku ya mvua kubwa. Hakusalimu mtu. Aliweka kiganja ukutani, kisha shavu.

"Na mimi, haunisalimie?" Feruzi aliuliza.

Safi alimfungua mtoto, akamlaza mkekani kando ya ukuta. Alfani alijinyoosha, akasinzia. Nje mvua iliendelea kunyesha, ndani ukuta ulibaki mkavu.

"Bon," Safi alisema akitabasamu. "Sasa tusalimiane, Papa Alfani."