Tope la Mtoto Mtakatifu

Jumatatu ya Juma Kuu, Rosenda alikuta tope kwenye viatu vya sanamu ya Mtoto Yesu, juu ya meza ya sala. Hakuogopa. Kijijini kwao, kisiwani Panay huko Ufilipino, kila mtu anajua kwamba Mtoto Mtakatifu hutoka kutembelea wagonjwa, akarudi viatu vimechafuka. Alipiga vigelegele. Kufikia mchana majirani walishajaa mlangoni na leso zao, na Rosenda, kichwa kimemvimba kwa sifa, akawagawia tope wakawapake watoto wao usoni. Lilinuka kaburi, lakini nani angesema?

Jumatano binti yake Amparo, wa miaka sita, akagoma kula. Alilala akikwangua mkeka kwa kucha, kra, kra, kra, macho hayabanduki kwenye sanamu.

Ijumaa Kuu, saa tisa alasiri, jua likiwaka, Rosenda alipiga magoti mbele ya sanamu, na kila alivyozidi kusali ndivyo Amparo alivyozidi kukwangua, mpaka kucha zikatoka damu na harufu ya kaburi ikajaa nyumba nzima.

"Mama, hii sanamu umeifanya nini?" alimfokea mama mkwe wake, Bibi Tasyang, ambaye ndiye huivisha sanamu kanzu.

"Usinifokee, mwanangu. Jumapili ya Matawi nilificha kichupa ndani ya kanzu yake. Mafuta ya kinga, yalipikwa makaburini Ijumaa Kuu ya mwaka jana."

"Siku ambayo Mungu amekufa?"

"Ndiyo siku yanapopata nguvu. Kwani hujui?"

"Nguvu za nani, Mama?"

Rosenda akaichana kanzu ya sanamu, akakitoa kichupa. Kichupa kilikuwa cha moto, mafuta yakitokota bila moto wowote.

"Mungu wenu amekufa, Rosenda," ilisema sauti ya mzee kutoka kinywani mwa Amparo. "Atanitoa nani?"

Hasira ya mama mzazi ikaushinda woga wa Rosenda.

"Alikufa akakufuata huko huko kwako! Kwa jina la Yesu, mwache mwanangu!"

Akakipasua kichupa kizingitini. Nyumba ikatikisika, harufu ikatoka kama imefukuzwa kwa fimbo, na kucha zikanyamaza.

"Mama, nina njaa," alisema Amparo.

Rosenda alimkumbatia, akalia kwa furaha. Ndipo aliposikia, ng'ambo ya ua, kwa jirani wa kwanza kupewa lile tope: kra, kra, kra. Kisha nyumba ya pili. Kisha ya tatu.