Sura Ambayo Mwalimu Hakuiandika

Duka la fotokopi msimu wa mitihani si mahali pa mtu mwenye haraka. Watu wamebanana hadi mlangoni, mashine zinatoa joto na harufu ya wino, na mwenye duka anaita nani wa nakala thelathini mpaka koo linamkauka. Ndipo mhariri mmoja wa kampuni ya vitabu, ambaye kazini walimbatiza jina la Wino kwa sababu ya kalamu yake nyekundu, alipookota karatasi juu ya kaunta akidhani ni zake. Akasoma ukurasa wa kwanza, akacheka peke yake kama chizi, kisha kwa mazoea ya kazi akachomoa kalamu na kukata neno.

"Kaka," ikasema sauti ubavuni pake, "hizo karatasi ni zangu. Na hilo neno ulilokata nimekaa nalo wiki nzima."

Alikuwa mwanamke mwenye gauni la kijani la mikono mirefu, vidole vimejaa chaki, nywele kazifunga juu ovyo ovyo, na macho yake hayakuwa na mzaha hata kidogo. Wino aliomba radhi mara tatu. Mwanamke akamwambia yeye ni mwalimu, na kwake kazi haiguswi kwa wino mwekundu bila kupewa alama. Wino akaandika pembeni: tisini na tisa. Alipoulizwa ile moja imekwenda wapi, akajibu kwamba hayo ni maelezo marefu, yanahitaji chai. Mwalimu akajikaza asicheke, akashindwa.

Basi mapenzi yakaanza. Simu asubuhi kabla ya kengele ya shule, simu mchana, na Jumamosi wanakaa mezani kwake Mwalimu, sura moja baada ya nyingine, mguu wa huyu juu ya mguu wa yule. Karatasi zile zilikuwa mswada wa riwaya yake, inayosimuliwa na mtoto wa kike wa miaka saba. Baba yake ni mtu wa watu, anayesuluhisha ndoa za mtaa mzima, na nyumbani anampiga mkewe. Mtoto halalamiki. Anaeleza kama anayeeleza mchezo: nani alijificha wapi, sahani ngapi zimebaki, mama leo amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Unacheka kurasa mbili, ya tatu unaona aibu kwamba ulicheka. Mtu mzima akisema mambo hayo ataambiwa apunguze sauti, asianike ya ndani. Mtoto utamwambia nini? Yeye kasema tu alichokiona. Katika sura ya kumi na mbili, ya mwisho, mama anafunga nguo na kuondoka na wanawe saa sita mchana, mbele ya majirani wote, na hakuna anayemwomba mwenzake msamaha.

Mwalimu alikuwa na sababu ya kuimaliza hivyo. Mdogo wake wa kike, tumbo moja, alikuwa amemkimbia mume na kulala sebuleni kwake na kichanga. Kila siku simu za wakwe zilimwambia avumilie, arudi.

"Nikimwambia usirudi, nitakuwa dada mkali asiyejua ndoa," Mwalimu alimwambia Wino. "Kikimwambia kitabu, atasikia."

Wino alimpenda kwa hilo kuliko kwa uzuri wake. Kwa miezi sita alimsoma hadi akajua sentensi yake itageukia wapi. Kwenye simu alikuwa akiiga sauti ya yule mtoto wa riwayani, anamsimulia jinsi bosi alivyomwaga chai kwenye suruali, na Mwalimu anacheka hadi mbavu zinamuuma, anamwita mwizi, anamwita mpenzi wangu.

Wino akaipeleka riwaya kwenye kampuni yake, ndipo kamati ikakataa mwisho ule. Mama haondoki hivi hivi, walisema, wazazi watalalamika, jamii itatuonaje? Bosi akamwambia Wino alete sura ya upatanisho ifikapo Ijumaa, la sivyo kitabu kinafutwa. Wino alijua akimuuliza Mwalimu atajibiwa hapana. Alijua pia kwamba kampuni mbili zimeshamkataa, na kwamba amekingoja kitabu hicho miaka minane. Akakaa mezani asubuhi moja akaandika sura ya kumi na tatu mwenyewe. Baba anapiga magoti jikoni, mtoto anashangaa kumbe baba ana kipara utosini, mama anarudisha nguo kabatini. Aliiandika vizuri, na hapo ndipo ubaya wote ulipo. Kazini kwao mwandishi husoma nakala ya mwisho na kuweka sahihi kabla ya kitabu kwenda mitamboni. Wino akaweka sahihi kwa niaba yake. Akajiambia atamweleza taratibu, na toleo la pili wataiondoa.

Hakumweleza. Alikuwa safarini kikazi kifurushi cha nakala za mwandishi kilipofika nyumbani kwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa darasani, akakipokea mdogo mtu. Akasoma kutwa, mtoto mapajani.

Simu ya Mwalimu ilimkuta Wino stendi, katikati ya mizigo ya watu. Hakupaza sauti. Alimuuliza sura ya kumi na tatu kaiandika nani.

"Mimi," Wino akasema.

"Niliposoma mara ya kwanza nilidhani niliiandika mimi nikasahau. Mdogo wangu amerudi kwa mumewe. Ameacha karatasi mezani. Anasema, dada, nimekuelewa."

Mwalimu alijaribu kumrudisha. Mara tatu alikwenda kwenye ile nyumba, mara tatu mdogo wake alimwambia kupitia dirishani kwamba mambo yanakwenda vizuri. Wiki ya nne wakampokea hospitali, mkono umevunjika mahali pawili na jicho limefumba.

Wino alikwenda wodini siku iliyofuata, mchana, saa ya kuona wagonjwa. Mwalimu alikuwa ametoka na kichanga. Mgonjwa alimkaribisha vizuri, akamwita shemeji. Wino akasimama miguuni pa kitanda akasema yote bila kujitetea: maneno yale hayakuwa ya dada yako, niliyaandika mimi.

Mgonjwa alimtazama kwa jicho moja.

"Nililia kwa furaha nilipoyasoma," akasema. "Dada yangu hajawahi kunidanganya." Kisha akauliza polepole, kama anayetaka kweli kujua: "Shemeji, wewe mume wangu unamfahamu?"

"Hapana."

"Sasa ulijuaje kwamba ataomba msamaha?"

Wino akatoka wodini.

Wiki hiyo hiyo aliandika gazetini kwa jina lake kamili kwamba sura ya mwisho ni yake, imeingizwa bila ruhusa, na sahihi ameighushi. Akafukuzwa kazi. Vitabu vikaondolewa madukani, na baada ya miezi kadhaa kampuni ndogo ikakichapa kitabu kwa sura zake kumi na mbili. Mdogo mtu amehamia kwa dada, safari hii moja kwa moja, ingawa vidole viwili havikunjiki tena.

Wino alimfuata Mwalimu shuleni saa ya mapumziko. Wakakaa benchi la uani, nafasi ya mtu mmoja kati yao. Mwalimu amekonda, yule yule wa gauni la kijani. Alimwambia amesamehe, na halikuwa neno la mdomoni. Alisema bado anampenda, jambo linalomkera sana.

"Lakini nikiandika sentensi nzuri sasa hivi," akasema, "najiuliza ni yangu au ni yako. Kazi yangu yote ni kusema ambalo watu hawataki kulisikia. Nitalisemaje, na nyumbani kuna mtu anayeweza kulilainisha kwa sauti yangu mwenyewe?"

Wino akamwambia hataandika tena. Mwalimu akatikisa kichwa, hilo silo alilolitaka. Ndipo Wino akamwambia alichokuwa amekificha: ile safari ya kikazi, alipanga akirudi amwombe waoane.

Mwalimu alitazama mikono yake yenye chaki.

"Siku ile ningekubali," akasema.

Kengele ikalia. Akainuka, akajifuta mikono kwenye gauni, akaenda darasani. Wino alibaki pale pale. Kupitia dirishani alimsikia akiwasomea imla wanafunzi, sentensi moja moja, kwa sauti ile aliyoijua kuliko yake mwenyewe, naye akalia mchana kweupe bila kujificha.