Nyodo Amenyamaza

Haya, sogeeni karibu, na vidole vitoke mdomoni. Leo tuna ndege mwenye maringo, tena maringo yasiyo na mpaka.

Sikudhani ana miaka sita. Anakaa Tanga na mama yake na baba yake, kwenye nyumba yenye mlango wa buluu.

Siku moja akaja shangazi Mwajabu. Mkononi ameshika tundu, na ndani ya tundu kuna kasuku.

Kasuku mwenyewe wa kijivu, mkia mwekundu. Jina lake Nyodo. Na nyodo anazo kweli, jamani!

"Shikamoo, shangazi," akasema Sikudhani.

"Marahaba. Kwangu siku hizi kuna paka, kwa hiyo huyu nawaachia nyie," akasema shangazi. "Lakini sijui! Mtaweza kufuga kasuku nyie? Nyie ambao hata kuku wanawashinda?"

Mama akatazama chini. Wifi yake huyu anamwogopa, basi tu.

"Ijumaa nakuja kumwangalia," akasema shangazi. "Nikimkuta amenyong'onyea, naondoka naye. Nampa mtu anayejua kufuga."

Akaenda zake. Viatu vyake ko! ko! ko!

Sikudhani akachungulia tundu. "Hujambo, Nyodo?"

Nyodo akamtazama kwa jicho moja. Akamtazama kwa jicho la pili.

"Mh! Ndiyo nini hii?"
Akageuza mgongo. Akatikisa mkia, fya! fya!

Sikudhani akacheka mpaka akakaa chini. Hajawahi kudharauliwa na ndege. Akampenda palepale.

Lakini lile tundu! Linang'aa kama sinia la harusi, na jembamba kama ndoo. Nyodo akifungua bawa, bawa linagonga. Tang!

"Tundu gani hili?" akasema baba. "Hili la kuwekea maua, si la kuwekea ndege."

Baba ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti na madirisha. Akakusanya vyuma vilivyobaki, akavaa miwani yake myeusi.

Kchzzz! Kchzzz! Cheche zikaruka.

Jioni tundu jipya likawa tayari. Pana, la pembe nne, na maua ya chuma mbele, kama dirisha la tajiri. Ndani baba ameweka nondo moja ya kusimamia.

Nyodo akaingia. Akapanda kwenye nondo.

"Mh! Ndiyo nini hii?"
Akageuza mgongo. Akatikisa mkia, fya! fya!

"Ala!" akasema baba. "Maua yote hayo, na bado ananidharau?"

Sikudhani akatazama vizuri. Miguu ya Nyodo inateleza kwenye chuma. Srrr! Anapanda. Srrr! Anashuka.

"Baba, yeye si geti," akasema Sikudhani. "Mwekee tawi."

Baba akakata tawi la mpera. Sikudhani akaliosha. Nyodo akalishika kwa kucha, akalibandua gome, akalitema.

"Mh!" akasema. Lakini mgongo hakugeuza.

Mama naye akaleta bakuli la alizeti. Akaliweka chini ya tawi, katikati kabisa.

Nyodo akainua mkia. Pwa! Ndani ya bakuli.

Akachungulia bakuli kwa jicho moja. Akalichungulia kwa jicho la pili.

"Mh! Ndiyo nini hii?"

"Si wewe mwenyewe!" akasema Sikudhani. Akaosha bakuli, akalisogeza pembeni, mbali na mkia. Sasa Nyodo akala. Kru, kru, kru. Maganda akamrushia baba.

Ikabaki siku mbili tu shangazi aje. Mama akapita karibu na tundu. Akanusa. Akanusa tena.

"Uwii! Linanuka! Wifi akija akasikia harufu hii atasema mimi mchafu, atasema nyumba chafu, atamchukua ndege wake, na wewe mwanangu utalia, na mimi nitaweka wapi uso wangu, jamani?"

Yote hayo kwa pumzi moja.

Basi mama akatoa chetezo chake cha udongo. Akatia makaa ya moto, na juu ya makaa akaweka udi. Kwao mgeni wa heshima hapokewi bila udi.

Akakiweka chetezo chini ya tundu. Moshi ukapanda, fuuu, ukapita katikati ya maua ya chuma.

"Na wewe unukie," mama akamwambia Nyodo.

"Chi!" Nyodo akapiga chafya.

"Umeona? Amefurahi," akasema mama.

Jioni, udi. Asubuhi, udi. Mchana, udi tena. Fuuu! Fuuu! Fuuu!

Na Nyodo akanyamaza.

Manyoya yamemvimba kama mpira. Alizeti haigusi. Macho nusu yamefungwa.

Sikudhani akaleta pera lililoiva. "Nyodo, pera hili."

Kimya.

Akatoa ulimi. Akavuta masikio. Akafanya uso mbaya kuliko nyuso zote.

"Nidharau, Nyodo," akanong'ona. "Nidharau kidogo tu."

"Chi!" Basi. Hakuna zaidi.

Kesho ni Ijumaa. Kesho shangazi anakuja, na Nyodo anaondoka.

Mama naye akaogopa. Na mama akiogopa, anafukiza. Akafungua kabati, akatoa udi wa harusini, ule mzito. Akauweka wote.

Fuuuuuu!

Moshi ukajaa sebule. Ukamwingia Sikudhani puani, ukamwingia kooni. Koho! Koho! Machozi yakamtoka, akakimbia mpaka uani.

Uani kuna hewa. Sikudhani akavuta pumzi. Haaa! Akavuta nyingine. Haaa! Kifua kikatulia.

Halafu akageuka, akatazama nyumba.

Mimi nina miguu, akawaza. Nimekimbia. Nyodo yumo tunduni. Atakimbilia wapi?

Akarudi mbio. "Mama! Ondoa chetezo! Moshi unamuumiza!"

"Moshi?" akasema mama. "Huu si moshi, mwanangu. Huu ni udi. Udi ni heshima."

"Nyodo hataki heshima! Anataka kupumua!"

Mama akageuka. Akamwinamia Nyodo, akamtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mdomo wa Nyodo uko wazi. Mkia wake unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kama mtu aliyepanda mlima.

"Uwii, nimefanya nini mimi!"

Mama akabeba chetezo nje. Akamwagia maji. Shhhh! Sikudhani akafungua madirisha. Paa! Paa! Paa!

Wakaliburuta tundu wote wawili. Grrr! Grrr! Wakaliweka kando ya dirisha, upepo unapopita lakini jua halichomi.

Asubuhi Nyodo akanywa maji. Tone moja. Tone la pili.

Akala alizeti moja. Sikudhani akangoja. Akala nyingine.

Lakini neno hakusema.

Ko! ko! ko! Viatu hivyo.

"Hodi!" Shangazi Mwajabu akaingia. Amejifukiza kuanzia mtandio mpaka viatu. Akasimama katikati ya sebule, pua juu.

"Mbona hapanukii?" akauliza. "Hata kipande cha udi hamna? Mnanipokea kama mchuuzi wa dagaa?"

Mama akakaza kanga yake kiunoni.

"Udi ninao, wifi. Lakini ulimuumiza ndege. Humu ndani sifukizi tena. Hata ukija wewe, sifukizi."

Shangazi akamtazama mama kama vile hawajawahi kuonana.

"Makubwa! Yaani kasuku ananishinda mimi?" Akaanza kwenda kwenye tundu.

Sikudhani akakimbia, akasimama mbele yake. Mikono ameitanua.

"Shangazi, samahani. Ishia hapo hapo. Unanukia mno."

"Ninanukia mno!" akasema shangazi. "Kitoto hiki! Basi nitamtazama kwa mbali. Na nikiona amenyong'onyea, tundu langu liko wapi?"

Wote wakamtazama Nyodo.

Nyodo akasogea kwenye tawi lake, hatua moja, hatua nyingine. Akamtazama shangazi kwa jicho moja. Mtandio. Bangili. Viatu.

Akamtazama kwa jicho la pili.

"Mh!" akasema Nyodo. "Ndiyo nini hii?"
Akageuza mgongo. Akatikisa mkia, FYA! FYA!

Sikudhani akaruka juu. "Amesema! Mama, amesema! Amemdharau shangazi!"

"Nyamaza, mwanangu," akasema mama, na yeye mwenyewe ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanacheza.

Shangazi akashika kiuno. "Huyu mzima," akasema. "Mzima kabisa. Ndege mgonjwa hana jeuri hiyo." Akavuta kiti, akakaa mbali na dirisha. "Mwacheni hapa hapa. Haya, chai iko wapi? Au na chai nayo inamuumiza?"

Chai ikaja, na vitumbua. Shangazi akasema vitumbua havina sukari. Akala sita.

Usiku ukaingia. Sikudhani amelala kitandani, mlango wa chumba uko wazi. Kutoka hapo anaona dirisha, na upepo unacheza na pazia.

Nyodo amekunja mguu mmoja. Kichwa amekiingiza mgongoni, kwenye manyoya.

Mama akaja kumfunika Sikudhani. Hakusema kwa haraka. Alikaa tu pembeni ya kitanda, akampapasa nywele.

"Mama," akasema Sikudhani, macho yanafumba, "leo hukumwogopa shangazi."

"Nilimwogopa sana," akasema mama. "Lakini nilisema."

Sikudhani hakusikia. Alishalala.

Haya, na nyie pia. Laleni.