Njia Ilikuwa ya Nani?

Fundi alishona mkono wa gauni, akaufumua, akaushona tena. Alikuwa hatulii, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Cherehani ilikuwa sebuleni, na hapo hapo aliketi wifi yake, dada wa mumewe, bega limefungwa kitambaa. Wifi hakumsemesha. Mume naye alikula haraka haraka na kutoka, maana kukaa kati ya mke na dada walionuniana kunataka moyo.

Chanzo kilikuwa softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kituo hadi kituo, yaani besi. Kila Jumamosi Fundi ndiye mwamuzi wa mechi za wanawake wa mtaa. Wifi, wanayemwita Upepo, ni mkimbiaji hodari. Jumamosi iliyopita alikuwa anakimbilia besi ya mwisho apate pointi. Mdakaji wa timu ya pili alisimama katikati ya njia, mikono mitupu, anasubiri kurushiwa mpira. Wakagongana. Mdakaji akaanguka, akalia. Upepo aliyumba tu, lakini bega lake liliumia. Fundi akamtoa Upepo, mbio zake zikawa bure.

Kwa nini? Kwa sababu uwanja ule ulikuwa na desturi yake: aliyeanguka ndiye aliyeonewa. Jamani, desturi gani hiyo! Wachezaji walishaizoea, wakajua kuanguka kuliko kudaka. Kila wiki mtu alitoka akichechemea.

Siku hiyo ya kushona na kufumua, Upepo alifungua mdomo mara moja tu.

"Bega likipona, narudi uwanjani. Na safari hii nitaanguka mimi."

Fundi aliogopa. Mtu atavunjika, alijiambia, na mimi ndiye niliyewafundisha. Aliacha sindano ndani ya nguo, akaenda kwa jirani. Jirani huyu hufundisha udereva, na zamani alikuwa mwamuzi wa softiboli. Alikuwa anaosha gari lake la kufundishia. Ng'ambo ya ua Upepo alitoka na beseni, akajifanya anaanika nguo kwa mkono mmoja. Nguo zenyewe zilikuwa zimeshakauka.

Jirani akamwuliza Fundi, watu wakigongana, yeye hutazama nini. Fundi akajibu kwamba hutazama nani kaumia.

"Ndiyo maana huna raha, ndugu yangu," jirani alisema. "Ajali ikitokea barabarani, hatuulizi nani analia. Tunauliza njia ilikuwa ya nani."

"Nitajuaje?"

"Tazama mpira. Kama mpira umepigwa, na mlinzi, yaani yeyote wa timu inayodaka, yuko kwenye kuudaka, njia ni yake. Mkimbiaji amzunguke. Akimgonga, mtoe. Lakini kama mlinzi hana mpira, wala hadaki mpira uliopigwa, njia ni ya mkimbiaji. Akizuiwa, mpe besi ambayo angeifikia."

"Na anayesubiri kurushiwa?"

"Kusubiri mpira si kuwa nao. Asizibe njia. Akishaushika, hapo anaweza kuziba, na mkimbiaji ateleze chini au amkwepe. Kumvaa mtu makusudi hakuruhusiwi kabisa."

Fundi akauliza afanye nini wakimlilia. Jirani akacheka. "Mchelea mwana kulia, hulia yeye."

Fundi alirudi moja kwa moja hadi kwenye kamba ya nguo. "Wifi, nilikuonea. Njia ilikuwa yako. Nisamehe." Upepo aliguna tu, akachukua beseni lake. Lakini jioni ile aliomba apitishiwe chumvi, na Fundi alishukuru.

Bega lilipopona, Upepo akarudi uwanjani. Kabla ya mechi Fundi aliwaeleza wachezaji wote sheria, akasema kuanguka hakutampa mtu kitu. Walinung'unika. Mechi ikaanza.

Mpira ulipigwa, ukaviringika chini. Mlinzi akainama audake. Upepo alikuja mbio, akamgonga ubavuni, akaanguka chini ameshika bega. Mpira ukapita. Uwanja mzima ukamgeukia Fundi. Mume wake, pembeni, alifunika uso kwa kofia.

Fundi aliikumbuka ile chumvi. Amani ya nyumbani ilikuwa bado changa.

"Mkimbiaji ametoka," alisema. "Mlinzi alikuwa anadaka mpira uliopigwa. Njia ilikuwa yake."

Upepo alilala chini kidogo, akingoja. Hakuna aliyemwonea huruma. Akainuka, akajipangusa vumbi, akatoka.

Baadaye zamu yake ilifika tena, akakimbilia besi ya mwisho. Yule mdakaji, mikono mitupu, alimtazama Fundi, akasogea pembeni. Upepo akapita bila kumgusa mtu. Siku hiyo wote walirudi nyumbani kwa miguu yao.

Mezani Fundi hakuweza kula. Alisubiri maneno. Mume alikuwa ameshasimama aende zake.

"Wifi," Upepo alisema, "leo ungenipa ile besi, nisingeamini kwamba uliniomba radhi kwa dhati."

Mume akarudi kukaa, akaomba aongezewe chakula.