Siri Aliyoliambia Pazia

"Sema basi hata 'ehe', mpenzi. Nijue unanisikia."

Kimya. Pazia la maua nyuma ya kiti cha dereva likacheza kidogo, likatulia.

Fundi, mikono kwenye usukani, akaendelea kuendesha. Seremala huyu alikuwa ameunda kitanda, kabati na meza ya kukunja ndani ya gari lile kuukuu kwa mikono yake mwenyewe, na mchumba wake, mshonaji wa nguo, akalipa jina la Konokono kwa sababu linatembea na nyumba yake. Leo ilikuwa siku ya pili ya safari yao ya kutembelea ndugu wa pande zote mbili kabla ya ndoa, na mikosi ilishaanza. Jana dumu la maji lilipasukia kitandani. Asubuhi, kwenye kona kali, sufuria zote ziliporomoka kwa kelele mpaka mwendesha baiskeli akajitupa mtaroni. Walicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha bibie akasema anajilaza kidogo nyuma, na ole wake atakayemwamsha kabla ya kufika kwa baba yake.

Wakasimama mara moja tu, kujaza mafuta. Na tangu hapo siri ilikuwa imemlemea Fundi. Akaona heri aliambie pazia kuliko kuyaambia macho ya mchumba wake.

"Nilishakwenda kwa baba yako. Miezi mitatu iliyopita, peke yangu. Siku ile niliyokwambia nafuata mbao. Nikakuposa, akanikataa. Nikaogopa kukwambia. Nisamehe, mama."

Kimya.

"Haya, nuna. Una haki yako."

Akaendesha kilomita thelathini nzima akiuheshimu mnuno huo.

Baba mkwe, dereva mstaafu wa malori, alikuwa getini, mikono kifuani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe tena? Si nilishakujibu?"

"Leo nimekuja na mwenyewe."

"Mwanangu? Yuko wapi?" Uso wa mzee ukachanua.

"Nyuma, mzee. Amenuna kidogo."

Mzee akafungua mlango wa nyuma kwa furaha. Blanketi lilikuwepo. Mto ulikuwepo, na simu ya bibie juu yake. Bibie hakuwepo.

Fundi akachungulia chini ya kitanda. Akafungua na kabati, kama vile mtu mzima angeweza kuenea humo.

"Mara ya kwanza nilikuuliza utamtunzaje," mzee akanguruma. "Leo umempoteza hata kabla hujapewa!"

Simu ikaita pale pale kwenye mto. Namba ngeni. Fundi akaidaka, vidole vikamteleza, sauti ikafunguka kwa wote kusikia.

"WEWE BWANA! Umeniacha chooni!"

"Mpenzi wangu..."

"Usiniite mpenzi! Niite abiria! Nimetoka chooni nakuona unapinda kona, nimekimbia mpaka kandambili imekatika, na wewe unaongea peke yako huko mbele kama redio!"

"Mwanangu," mzee akaingilia.

"Shikamoo, baba," ikajibu sauti ndogo, ya adabu tupu.

"Marahaba. Kaa hapo hapo. Tunakuja."

Walirudi kwa kasi. Mzee alikaa mbele, jicho lake moja barabarani, jingine likikagua kabati kupitia upenyo wa pazia.

"Hizi bawaba umezifunga mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Hmm. Na anajua kwamba nilikukataa?"

"Nimemwambia leo. Yaani... nimeliambia pazia."

Mzee akageukia dirishani. Mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko. Alipogeuka tena, uso ulikuwa mkavu.

"Utamwambia mwenyewe. La sivyo, nitamwambia mimi."

Walimkuta kituoni cha mafuta, ameketi juu ya kreti, anashona mfuko uliochanika wa ovaroli ya mhudumu aliyemwazima simu. Sindano haikukosekana kamwe kwenye kilemba chake. Fundi aliruka kutoka garini hata kabla halijatulia vizuri. Bibie akasimama, akataka kununa, akashindwa, akamkumbatia kwa nguvu.

"Nitakuua!"

"Niue baadaye. Kwanza nisikilize." Na Fundi akasema yote upya, safari hii akimtazama usoni. Kukataliwa, mbao za uongo, woga wake.

Mikono ya bibie ikamwachia taratibu.

"Miezi mitatu? Mimi nakata kitambaa cha gauni la harusi, wewe unajua hatujakubaliwa?"

"Nilidhani ukijua utamchagua baba."

"Ungeniuliza! Saa nzima nimesimama hapa sikulia. Sasa ndio nalia. Kusahauliwa kituoni ni bahati mbaya. Kufichwa ni makusudi." Akamgeukia mzee. "Na wewe, baba! Kila Jumapili tunaongea kwenye simu. Hata wewe?"

Mzee alivua kofia yake, akaipapasa.

"Nimeendesha lori miaka ishirini na sita. Mama yako alikuzaa nikiwa safarini. Aliumwa nikiwa safarini. Nilifika siku mbili baada ya kuzikwa." Akalielekezea Konokono kofia. "Nikaona gari la huyu lenye kitanda, nikasema sitamwoza mwanangu kwa barabara."

Bibie akamshika mkono.

"Baba, mama aliumizwa na kubaki. Mimi sibaki. Tunakwenda wote."

"Na leo? Si umebaki?"

Hapo hata mhudumu akacheka. Bibie hakucheka. Alipanda garini, akatoa mkasi wake, akakata uzi wa pazia upande huu na upande ule. Likaanguka.

"Nililishona mwenyewe, nalitoa mwenyewe. Kuanzia leo nakaa mbele. Ukiwa na neno, niambie mimi, si kitambaa. Ukinificha tena, nashuka, na hutanikuta kituoni."

"Nimekuelewa," Fundi akasema, machozi yakimlenga. Akapiga goti pale pale kwenye sakafu yenye mafuta. "Mzee, naomba tena. Nipe mwanao. Sitamwacha."

Mzee alimtazama binti yake. Binti akatikisa kichwa kukubali, kilemba kikamwendea upande.

"Inuka, utaharibu suruali," mzee akasema. "Nimekupa. Ila dereva mzuri hawashi gari kabla ya kuhesabu watu wake."

Siku ya harusi, Konokono lilisimama mbele ya nyumba ya mzee, limefungwa vitambaa kila upande. Fundi, ndani ya suti, akashika ufunguo. Baba mkwe akaligonga boneti.

"Umehesabu?"

Fundi akageuka kushoto. Gauni jeupe lilikuwa limejaa kiti kizima mpaka kwenye gia.

"Upo?"

"Nipo, mume wangu," bibie akasema, akamshika mkono ulioshika ufunguo. "Sasa washa."